Nyumba ya Wageni Isiyo na Tajiri

Ada ya msafiri alalaye ugenini ni kutaka kumjua mwenye nyumba, kwani kwake ndiko ziendako shukrani kukitokea jema na malalamiko kukitokea baya. Na mwenye nyumba naye, awe karimu au bahili, hajifichi, maana faida ni yake na hasara ni yake. Katika milima ya Sierra Norte, kaskazini mashariki ya mji wa Oaxaca, kusini mwa Meksiko, nilipanga katika nyumba ndogo ya wageni ya kijiji cha Latuvi, nikala jikoni kwake asubuhi, mchana na jioni, na kila niliyemwuliza tajiri wa nyumba ile ni nani alinijibu kwamba tajiri ni kijiji. Jibu hilo halikuwa adabu ya maneno matupu. Ni habari ya kisheria, yenye historia ndefu ya ugomvi na subira nyuma yake, na kadiri nilivyokaa pale ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kitanda nilichokilalia, kuni nilizoota, na hata mahindi niliyotafuna, vyote vilikuwa vikilishuhudia jambo hilo hilo moja.

Mji wa Oaxaca umekaa bondeni, mita 1,550 hivi juu ya usawa wa bahari, nao una hewa ya wastani, masoko makubwa, makanisa ya mawe ya kijani, na mahoteli ya kila daraja. Ukitoka hapo kwa basi la abiria, pamoja na akina mama warudio kutoka sokoni na vikapu vyao vitupu, unapita Tlacolula, kisha barabara inaanza kupanda kwa mizunguko hadi masikio yanaziba. Mipungate na mikonge ya bondeni inabaki chini, inafuata mialoni, na mwisho misonobari mirefu iliyosimama ndani ya ukungu. Cuajimoloyas, kijiji ambapo basi lilinishusha, kiko kadiri ya mita 3,200, na mtu wa pwani, ambaye baridi kwake ni upepo wa kusi wa mwezi wa Julai, hushuka garini akitafuta kitu cha kujifunika hata kabla ya kutafuta mzigo wake. Kutoka hapo nilikwenda kwa miguu, pamoja na kiongozi niliyepewa na kijiji, tukiteremka msituni hadi Latuvi, mahali palipo chini zaidi, mita 2,400 hivi, ambapo baridi imepungua ukali na miti ya matunda inastawi nyuma ya nyumba.

Latuvi ni kimojawapo cha vijiji vinane vya Wazapoteki vinavyoitwa kwa pamoja Pueblos Mancomunados. Wenzake ni Amatlán, Lachatao, Yavesía, Cuajimoloyas, Llano Grande, Benito Juárez na La Nevería. Ardhi yao, hekta 29,000 hivi za misitu, makonde na malisho, ni miliki ya wote kwa ushirika. Mwanakijiji ana haki ya kulima na kujenga na kurithisha matumizi, lakini hana haki ya kumwuzia mgeni hata shubiri moja. Wala hilo si jambo la ajabu katika jimbo hilo, kwani Oaxaca ina manispaa 570, na zaidi ya 400 kati ya hizo huchagua wakubwa wao kwa mila, katika baraza la hadhara, bila ya vyama vya siasa.

Kijiji kimoja cha mkusanyiko huo kimepewa jina la Benito Juárez, na msafiri akitazama ramani ataona kwamba nusu ya mambo ya nchi hii yamepewa jina hilo, nayo ni haki yake: mtoto wa Kizapoteki aliyezaliwa mwaka 1806 katika kitongoji cha Guelatao, si mbali na hapo, akakua bila ya kujua Kihispania, na mwisho akawa rais wa Meksiko tangu mwaka 1858 hadi alipofariki mwaka 1872. Lakini tarehe ina dhihaka zake. Sheria za mageuzi za kundi lake la kisiasa, hasa ile ya mwaka 1856, ndizo zilizokusudia kuvunja umiliki wa pamoja na kumpa kila mtu kipande chake, kwa imani kwamba ardhi isiyo na mwenyewe mmoja haiwezi kuleta maendeleo. Watu wa milima alikozaliwa walimheshimu, wakaijenga sanamu yake, na ardhi yao wakaishika kama walivyokuwa wameishika.

Mtihani mwingine ulikuja mwaka 1956, serikali ilipoitoa misitu mingi ya milima hiyo, kwa muda wa miaka 25, mikononi mwa kampuni ya karatasi ya Tuxtepec. Magari yakapanda matupu na kuteremka na magogo. Wenyeji wakapata ujira wa kukata miti ambayo babu zao waliihesabu kuwa yao, na malipo madogo kwa kila shehena. Muda ulipomalizika, na habari zikaenea kwamba mkataba utarefushwa, vijiji vingi vya Sierra vilifanya umoja mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikagoma, vikaandika, vikatuma wajumbe, na havikunyamaza mpaka misitu iliporudi katika mamlaka ya vijiji. Baada ya hapo ndipo wakapata nafasi ya kujiuliza msitu ulio hai unaweza kuleta nini zaidi ya mbao, na katika miaka ya 1990 vijiji vya Mancomunados vikaanza kujenga vibanda vya wageni, Benito Juárez kikitangulia na wengine wakifuata, na kuviunganisha kwa njia za miguu ambazo leo zinazidi kilomita 100. Ndiyo maana nasema kwamba kitanda nilichokilalia kina tarehe. Kilitoka katika ugomvi wa magogo.

Aliyenipokea na kunikabidhi ufunguo alikuwa mkulima wa makamo, kofia yake haikutoka kichwani ila mezani, na viganja vyake havikuwa viganja vya mtu wa hoteli. Baraza la kijiji lilimteua katika kamati ya utalii kwa muda maalumu, na muda huo ukiisha atarudi katika viazi vyake, na mwingine ataushika ufunguo. Huo ndio utaratibu wao wa vyeo. Kijana huanza na daraja ya chini kabisa, ile ya topil, ambaye ni tarishi na mlinzi wa kijiji, na kadiri miaka inavyokwenda hupanda ngazi, akiwa mhazini, akiwa msimamizi wa kanisa, akiwa diwani, na aghalabu ya huduma hizo hazina mshahara, au zina posho isiyotosha kununulia viatu. Zaidi ya vyeo ipo tequio, yaani siku ya kazi ya wote, ambayo kila nyumba hutoa mtu wa kusafisha njia, kutengeneza mfereji au kupaka rangi shule. Hata aliyehamia Los Angeles, na wahamiaji wa Oaxaca huko ni wengi, hasahauliwi katika daftari. Zamu yake ikifika atarudi, au atamlipa mtu amshikie nafasi, la sivyo heshima yake kijijini inapungua na haki yake ya makazi inatiwa shaka.

Nilimwuliza bwana huyo kama kazi ya kupokea wageni anaipenda. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba haikuwa desturi kuulizana swali hilo; desturi ni kuulizana kama zamu imefika. Nimekaa katika mahoteli ambayo watumishi wake wamefundishwa kutabasamu tangu mlangoni, na nakiri kwamba sikupata tabasamu nyingi kwa bwana huyu siku ya kwanza. Lakini nilipata haki yangu yote bila ya kuidai, na bei niliyotajiwa ilikuwa ile ile iliyoandikwa ukutani, na risiti yenye muhuri.

Chumba chenyewe kilikuwa cha matofali ya udongo, na sakafu ya vigae vyekundu, vitanda viwili vyenye mablanketi mazito, bafu yenye maji ya moto kwa anayejua kusubiri, na meko ya ukutani. Jioni waliniletea tita la kuni za mwaloni, na juu yake vijiti vichache vya msonobari vyenye utomvu, ambavyo wenyewe huviita ocote na ambavyo hushika moto kwa kiberiti kimoja, vikitoa moshi mzito wenye harufu ya dawa. Moto huo ukiwaka chumba ni raha. Ukizimika, nao huzimika usiku wa manane bila ya kukosa, raha yote iko chini ya mablanketi, na mwenye busara hutoa pua tu.

Lakini sikukusudia kuandika habari za vitanda. Fahari ya nyumba hiyo iko jikoni, na jikoni kwenyewe ni chumba kirefu chenye meza chache za mbao, madirisha yatazamayo bonde, na upande mmoja jiko la kuni lililojengwa kwa udongo hadi usawa wa kiuno, ambalo juu yake kimelala chombo cha duara, kipana, cha udongo uliochomwa, kiitwacho comal. Hapo ndipo anaposimama mama mpishi, ambaye kila mtu, mkubwa kwa mdogo, humwita Doña kwa taadhima, na ambaye siku zake huanza kabla ya jua.

Kazi yake ya asubuhi huwa imeanza jana yake. Jioni hupima mahindi, mara meupe, mara ya manjano, mara ya buluu iliyokoza hata ikakaribia weusi, akayatia katika sufuria ya maji pamoja na chokaa, kadiri ya sehemu moja katika mia ya uzito wa mahindi. Huyachemsha kiasi, kisha huyafunika yakalala humo humo usiku kucha. Asubuhi ganda la punje limelegea. Huyaosha kwa viganja mara mbili tatu, maji ya manjano yakamwagika na maganda yake, zikabaki punje zilizovimba, zilizo laini, zenye harufu ya mvua ya kwanza juu ya udongo, ambazo huitwa nixtamal. Hapo huzipeleka mashineni, nayo mashine ya kijiji huanza kunguruma alfajiri ikawa ndiyo saa ya wote, kisha donge lililorudi hulipitisha tena katika metate, jiwe la kusagia lenye miguu mitatu, akipiga magoti na kusukuma kwa uzito wa mabega, mpaka lishikike bila ya kukatika.

Nilisimama karibu naye nikatazama. Comal hupakwa kwanza maji ya chokaa ili donge lisigande. Yeye huchuma kidonge chenye ukubwa wa limau, akakibana baina ya karatasi mbili za plastiki katika kibanio cha mbao, akakibandua juu ya kiganja, na kukilaza juu ya comal kwa mfagio mmoja wa mkono, bila ya kunjo hata moja. Ukingo ukianza kukauka hugeuza kwa ncha za vidole, moto akiwa haujali; upande wa pili hukaa zaidi; kisha hugeuza tena, akaugusa katikati kidogo tu, na hapo tortilla hufura kama andazi, ikakaa hivyo kwa nukta chache, ikalegea. Isiyofura huliwa na watoto au kuku, wageni hawapewi. Zilizofura hupangwa ndani ya kitambaa, na kitambaa ndani ya kikapu cha ukindu, zikaletwa mezani zikiwa bado zinatoa mvuke. Na kikapu kikipungua, hujazwa bila ya kuulizwa.

Chokaa si kitu kigeni kinywani mwa watu wa pwani, maana mabibi zetu waliitafuna katika tambuu umri wao wote. Bali kuipikia nafaka ni elimu ambayo haikutufikia, na kukosekana kwake kumewagharimu watu wengi. Ndani ya punje ya mahindi imo vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa kiasi ambacho tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua, na tena huongeza madini ya kalisi. Wahispania waliyachukua mahindi wakavuka nayo bahari, wakaiacha chokaa nyuma. Popote ambapo maskini walikula mahindi na karibu hawana kingine, katika Hispania na Italia tangu karne ya 18, na kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ukazuka ugonjwa wa pelagra, ambao huchubua ngozi, huharisha, na mwisho huvuruga akili. Wala si habari za mbali tu. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliupata ugonjwa huo huo, chakula chao kikiwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwakinga zimekatika. Wareno ndio wanaosadikiwa kutuletea sisi mahindi, na baada ya karne chache ugali umekuwa ndicho chakula chenyewe, hata mtu akila wali na nyama huweza kusema kwamba leo hajala. Kwa bahati njema tuliula pamoja na maharagwe, mboga na dagaa, na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyosalimika.

Mahindi ya Latuvi hayatoki dukani. Yanalimwa kwa ile desturi ya milpa, mahindi, maharagwe na maboga katika konde moja, maharagwe yakipanda juu ya bua na majani ya boga yakiifunika ardhi isikauke. Mbegu huteuliwa na kuwekwa na wenyewe, mwaka hata mwaka, na asili yake ni ya kale mno: katika pango la Guilá Naquitz, karibu na Mitla, upande wa pili wa milima hiyo, wachimbuzi walikuta mbegu za maboga ya kulimwa zenye umri wa kama miaka 10,000, na vigunzi vidogo vya mahindi vyenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Kwa hiyo mtu anaweza kufahamu ni kishindo gani kilichotokea mwaka 2001, wakati wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California, David Quist na Ignacio Chapela, walipochapisha katika jarida la Nature kwamba wamekuta alama za mbegu zilizobadilishwa vinasaba maabarani ndani ya mahindi ya asili ya milima hii hii. Mwaka uliofuata jarida lenyewe likasema kwamba ushahidi ule haukutosha kuchapishwa. Mabishano yakaendelea miaka mingi, na mwaka 2025 Meksiko ikaandika marufuku ya kupanda mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ndani ya katiba yake. Mimi si mtaalamu wa mbegu. Nasema tu kwamba watu waliopigana kwa ajili ya magogo hawakuhitaji kufundishwa kwa nini mbegu isiwe na tajiri wa mbali, na Doña, ambaye hakunitajia jarida lolote, alinionyesha darini kwake mashuke yaliyofungwa mawili mawili kwa maganda yake, akaniambia kila moja lilitoka konde la nani.

Sasa niseme jambo ambalo msomaji wa Mombasa, Unguja au Maskati atataka kulijua kabla ya mengine. Jiko la Meksiko ya vijijini linapenda mafuta ya nguruwe. Maharagwe meusi, ambayo huja katika kila mlo, hukaangwa kwa mafuta hayo. Na memela, ambayo ni mkate mnene wa mahindi wenye ukingo ulioinuliwa, hupakwa juu yake kitu kiitwacho asiento, yaani masimbi ya mafuta hayo yanayobaki chini ya sufuria, kabla ya kunyunyiziwa jibini. Havionekani kwa macho wala havitajwi, kwa kuwa kwao si nyama bali ni kikolezo. Nilimweleza Doña tangu saa ya kwanza, kwa msaada wa kiongozi wangu, kwamba dini yangu hainiruhusu. Hakushangaa wala hakuudhika. Alitoa kikaango kingine, akakisugua kwa majivu na maji ya moto mbele yangu, akakitenga juu ya rafu peke yake, na tangu hapo maharagwe yangu yakawa ya kuchemsha, pamoja na jani la mparachichi lililobanikwa, ambalo lina harufu inayokaribia harufu ya anisi. Sikupungukiwa na kitu. Kwa kweli naamini yale ya kuchemsha yalikuwa bora, ila sina njia ya kulinganisha.

Na kilichoniokoa zaidi ni samaki. Vijiji vya milima hiyo hufuga trauti katika mabwawa ya maji baridi yatiririkayo, na mgeni akiagiza, huvuliwa wakati ule ule. Doña alimpasua samaki, akamtia kitunguu, nyanya, pilipili na majani ya epazote, akamfunga, akamwacha juu ya makaa mpaka nyama ikaachana na mfupa yenyewe. Katika miezi ya mvua, hasa Julai na Agosti, msitu hutoa uyoga wa namna nyingi, na Cuajimoloyas hufanya maonyesho yake kila mwaka. Wanawake wa huko huutambua uyoga mwema na wenye sumu kwa kuutazama mara moja, na sikushauri mgeni ajaribu elimu hiyo peke yake.

Saa za kula zina utaratibu wake. Asubuhi mapema ni kinywaji na mkate. Katikati ya asubuhi huja mayai, maharagwe na tortilla. Mlo mkubwa ni wa alasiri, kati ya saa nane na saa kumi. Na usiku ni kitu chepesi tu. Aingiaye chumbani au apitaye karibu na meza yako, hata asiyekujua, hukuombea chakula kikufae, nawe humwitikia, na kunyamaza ni ukosefu wa adabu. Kahawa hupikwa katika chungu pamoja na sukari guru na mdalasini, nyepesi, tamu, tofauti kabisa na ile chungu ya vibarazani kwetu inywewayo kwa tende. Chokoleti huchapwa kwa mpekecho wa mbao ndani ya maji ya moto hadi itoe povu, na mkate wa mayai huchovywa ndani yake. Kakao haioti katika baridi hiyo. Hutoka nyanda za joto, upande wa Tabasco na Chiapas. Na mdalasini wanaoupenda ni ule wa Ceylon, uliotoka katika bahari yetu wenyewe ya Hindi. Hata mole nyeusi, mchuzi mashuhuri wa Oaxaca unaopikwa kwa arusi na maziko, na ambao kuusaga kwake huchukua siku, una karafuu, pilipili manga na ufuta pamoja na pilipili zao za kienyeji. Nilipoonja kwa mara ya kwanza nilitafuta kwa muda ni wapi nilipoikuta harufu hiyo, nikakumbuka mfuko wa bizari wa mama yangu.

Mengine nayapita. Wapo watakaosifu bafu ya mvuke iitwayo temazcal, chumba kidogo cha udongo cha kuinama, chenye mawe ya moto na mashada ya majani, nao wana haki, maana baada ya kutembea mchana kutwa inalegeza viungo. Wapo watakaosifu vileo vya pulque na mezcal; hao siwezi kuwaunga mkono wala kuwapinga. Asubuhi moja nilikwenda sehemu ya njia ya kale inayotoka Latuvi kwenda Lachatao, iliyokuwa ikiunganisha miji ya Wazapoteki ya bondeni na pwani ya Ghuba ya Meksiko, na ambayo bado ina mawe yaliyopangwa kwa mkono chini ya majani.

Sipendi kumpa msomaji picha isiyo na doa. Ushirika wa vijiji vinane si peponi. Yavesía imekuwa na mgogoro wa muda mrefu na wenzake juu ya matumizi ya misitu, na shauri hilo limefika hadi mbele ya mahakama. Vijana wanaondoka, na zamu zinawaelemea waliobaki, hata mtu akashika vyeo viwili kwa mpigo. Na ingawa tajiri ni kijiji, anayeamka kabla ya jogoo kwa ajili ya tumbo la mgeni ni mwanamke, na kwa maoni yangu wangeanza kuurekebisha utaratibu wao hapo. Lakini nikipima jambo kwa jambo, fedha niliyotoa pale niliiona inakokwenda: ubao ulio nje ya ofisi umeandikwa mapato ya utalii na matumizi yake, bomba la maji, paa la shule, mishahara ya walinzi wa msitu, na yeyote akitaka kubisha ana haki ya kusimama barazani na kubisha. Hoteli za pwani yetu, ambazo baadhi yake zimekatiza njia ya wavuvi kwenda ufukweni, sijaona hata moja yenye ubao wa namna hiyo.

Atakayekwenda na afanye hivi. Aagize malazi mapema katika mji wa Oaxaca, katika ofisi ya vijiji vyenyewe na si kwa dalali. Achukue fedha taslimu, maana huko juu mashine za benki ni adimu. Achukue sweta mbili na soksi za sufu hata kama bondeni kuna joto. Apendelee miezi ya Oktoba hadi Machi akitaka njia kavu, au Julai na Agosti akitaka uyoga. Na asiyekula nguruwe aseme sin manteca, yaani bila mafuta ya nguruwe, siku ile ile anapofika, kabla ya kikaango kuwekwa motoni.